Benzi Lililongoja Chini ya Turubai

Karakana, 17 Januari 1988

Mama Kidosho, mke wangu,

Salamu zangu zipokee hata kama zimenuka mafuta ya kung'arishia vyuma, maana hiyo ndiyo harufu yangu siku hizi. Nimepata kazi mpya. Ile ya kubeba mifuko ya saruji nimeiacha kabla mgongo haujaniacha mimi.

Kuna mzee mmoja tajiri huku, sisi vibarua tunamwita Mzee Kofia kwa sababu hata akiwa ndani ya nyumba haivui. Maradhi yake ni Benzi. Si kwamba analo moja. Anakusanya. Yale ya kale, yaliyooza, yaliyotupwa mabandani yakaota nyasi, ananunua na kuyaleta karakana hii, na mafundi wanayafufua. Mimi si fundi huku. Ufundi wangu wa bodi wa huko nyumbani hakuna aliyeniuliza habari zake. Mimi nasugua. Napewa msasa laini na ndoo ya maji, nasugua rangi ya zamani mpaka bati lionekane, kisha wenye kazi wanakuja kupiga rangi mpya na kusifiwa. Ikifika jioni ngozi ya vidole imekuwa nyembamba mno, hata kikombe cha chai nakishika kwa kitambaa.

Tunalala chumba cha juu ya stoo ya matairi, tumebanana kama njiti ndani ya kiberiti. Lakini sitaki kulalamika, nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe.

Nimesikia yule kijana Mwalimu ameleta posa kwa Kidosho. Mwambie binti yetu ahadi yangu ipo palepale. Siku ya harusi yake atatoka nyumbani ndani ya Benzi letu kuukuu, hilo la nyuma ya nyumba, na mwenye usukani ni mimi. Nilimwambia hivyo alipokuwa bado anafungiwa viatu, akiwa amesimama kwenye kiti cha mbele anapiga honi, na sijasahau. Turubai lake lisifunuliwe. Mtu asiguse. Ufunguo ninao hapa shingoni, nimeufunga kwa kamba ya kiatu. Wenzangu wanadhani ni hirizi.

Mumeo,
Baba Kidosho


Nyumbani, 21 Februari 1988

Baba Kidosho,

Barua imefika, nayo kweli ilinuka. Kidosho aliinusa akasema, "Huyu ni baba," akaenda nyuma ya nyumba akajifanya anaanua nguo.

Sisi wazima. Habari ya turubai ni hivi: limechanika upande wa mlango wa nyuma, na kile kioo ulichosema utakirekebisha wiki ijayo, miaka ile, bado hakipandi. Kuku wa Mama Redio ameingia hapo na kuatamia mayai kwenye kiti cha nyuma. Nilipomfuata jirani yangu nimwambie amtoe, alinijibu mbele ya watu kisimani, "Shoga, mwache kuku wangu apande Benzi. Wewe mke wa Mbenzi tangu mumeo aondoke umelipanda lini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kurudi nyumbani ndoo ilikuwa nzito kuliko siku zote.

Unajua huku wanavyowaita matajiri: Wabenzi. Basi mimi ndiye Mbenzi pekee mtaani anayeota moto wa kuni.

Harusi wameipanga mwisho wa Aprili. Mwalimu ni kijana mtulivu, hana makuu. Anaongea taratibu kama anayesubiri wanafunzi waandike. Kidosho anampenda, na mimi sina neno. Ninalotaka kwako ni jibu moja: unakuja, huji? Ukisema huji, nitapanga mambo kwa namna nyingine. Lakini usiniandikie "Mungu akipenda" wakati ambaye hajapenda ni wewe.

Mkeo,
Mama Kidosho


Karakana, 20 Machi 1988

Mama Kidosho,

Umenipiga ngumi ya jicho kwa karatasi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikiisoma ni kweli.

Aprili siwezi. Kuna gari moja kubwa jeusi ambalo Mzee Kofia analitaka liishe kabla ya mtu yeyote kupewa ruhusa. Akiondoka mtu sasa hivi, nafasi yake inakaliwa na mwingine kabla kiti hakijapoa. Waombe wenzetu wasogeze harusi hadi Agosti. Agosti nitakuwa nimemaliza, nitakuja na ruhusa yangu mkononi.

Sasa mwambie Kidosho nimejifunza jambo kumhusu yeye. Fundi mkuu hapa anapenda kusimulia kazi ikilala. Unajua neno Mercedes lililoandikwa nyuma ya gari letu? Mimi miaka yote nilidhani ni jina la kiwanda, au la mji. Kumbe ni jina la msichana! Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiuza magari hayo kwa matajiri na kuyashindanisha mbio. Alimpenda binti yake kupita kiasi, akayapa magari jina la binti. Binti mwenyewe alikuwa bado mtoto mdogo. Baba mwingine angemnunulia mwanawe mwanasesere, huyu akamwandika jina kwenye chuma kikaenda dunia nzima. Nilipolisikia hilo niliacha kusugua. Nikasema, basi sikukosea. Gari la binti ni gari la binti.

Na ile nyota ya mbele. Wanasema bwana mmoja miongoni mwa waanzilishi alikuwa kibarua wa watu, mbali na kwake, kama mimi. Akamwandikia mkewe kadi yenye picha ya mji aliokuwa akifanyia kazi. Juu ya nyumba aliyopanga akachora nyota, akamwambia: nyota hii siku moja itang'aa juu ya kiwanda chetu wenyewe. Baadaye ikawa nyota ya ncha tatu, nchi kavu, majini na angani. Lakini mwanzo wake ni mtu aliyekuwa mbali anamwonyesha mkewe anapolala.

Na mimi nakuchorea hapa chini. Hilo sanduku ni karakana, dirisha dogo la juu ni chumba chetu, na hiyo iliyokaa kama buibui ni nyota.

Mumeo,
Baba Kidosho


Nyumbani, 24 Aprili 1988

Baba Kidosho,

Nyota nimeiona. Ni buibui kweli.

Wamekubali Agosti. Hawakukubali kwa furaha. Mama yake Mwalimu aliuliza kwa upole unaouma, "Hilo gari ndilo linaloolewa?" Mimi nikainama. Kidosho ndiye aliyejibu, akasema, "Baba aliniahidi. Baba hajawahi kunidanganya." Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema ili uyaweke shingoni pamoja na ufunguo.

Hadithi ya msichana wa jina ameipenda. Aliniuliza, "Huyo mtoto, baba yake alipokuwa anauza magari, alikuwa anarudi nyumbani jioni?" Muulize fundi mkuu.

Yule kuku tumemtoa. Mzee Breki amesaidia, yule dereva wa malori aliyestaafu, anayekaa karibu na kinu cha kusaga nafaka. Ameniuliza swali nikashindwa kumjibu, nikaona nikuulize mwenye elimu yako: gari la dizeli likikaa muda mrefu bila kuwashwa, kinachoharibika kwanza ni nini? Na je, ukifungua mlango ukasikia harufu ya yai viza, ni betri?

Nauliza tu, nielewe vizuri unayoniandikia.

Mkeo,
Mama Kidosho


Karakana, 15 Mei 1988

Mama Kidosho,

Umenifurahisha! Miaka yote ya ndoa yetu nikitaja karbureta unalala. Leo unauliza mwenyewe. Basi sikiliza.

Dizeli ikikaa sana inagandisha uchafu kwenye chujio, na hewa inaingia kwenye bomba. Lazima chujio kibadilishwe, kisha kuna kipampu kidogo cha mkono ubavuni mwa injini, unakisukuma kwa dole gumba mpaka hewa itoke na mafuta yaje bila mapovu. Halafu mipira ya breki, hiyo hukauka. Mtu akikanyaga pedali ikazama hadi chini kama mguu kwenye tope, asiende popote. Na kuwasha si kuwasha tu kama redio. Unazungusha ufunguo, unavuta kitufe nusu, unasubiri. Kuna kiwaya kwenye dashibodi, kinaona haya taratibu mpaka kinakuwa chekundu. Kikishaona haya vya kutosha ndipo unavuta hadi mwisho. Ukiwa na haraka halikusikii. Gari lile halipendi watu wa haraka.

Kuhusu yai viza: inaweza kuwa betri, inayochemka. Lakini betri nilikwisha kuiuza kabla sijaondoka. Basi hilo ni yai.

Huyo Mzee Breki naye anafuata nini kwangu? Msalimie, lakini msalimie akiwa nje ya ua.

Nina hadithi nyingine, hii ni yako. Mke wa huyo Benzi wa kwanza kabisa, mwenye jina lenyewe. Mumewe alitengeneza gari la magurudumu matatu, akawa analizungusha uani na karibu na nyumba tu, anaogopa, kila siku anasema bado halijawa tayari. Siku moja mapema asubuhi, mume amelala, mke akachukua wanawe wawili wa kiume, wakalisukuma gari mpaka mbali ndipo wakaliwasha, wakaenda zao mji wa mbali kwa mama mzazi wa yule mama. Mtu alikuwa hajawahi kusafiri hivyo kwa gari duniani. Mafuta yakaisha, akanunua mafuta ya kuondolea madoa kwenye duka la dawa. Bomba likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukachubuka, akauvika mkanda wa soksi yake. Breki zikalika, akamwambia fundi viatu azigongee ngozi. Kwenye vilima wanawe wakashuka wakasukuma. Jioni alipofika ndipo akampelekea mumewe telegramu: tumefika. Na aliporudi akamwambia gari linataka gia nyingine ya kupandia vilima. Fundi mkuu anasema bila mama yule, gari lingebaki uani mpaka leo, na watu wangebaki na farasi.

Agosti hii inatimia miaka mia tangu safari ile. Mzee Kofia anataka kufungua ukumbi wa kuonyesha magari yake mwezi huohuo. Ndiyo maana tunasuguliwa pamoja na mabati.

Mumeo,
Baba Kidosho


Nyumbani, 12 Juni 1988

Baba Kidosho,

Mama yule nimempenda. Nilimsomea Kidosho mara mbili, na mara ya tatu Mama Redio alikuwepo, akapiga kofi la paja akasema, "Huyo ndiye mwanamke, shoga! Mume anasema bado, bado, bado, kama mganga." Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua habari ya pini ya kofia.

Siku imewekwa: Jumamosi, tarehe 13 Agosti. Haitasogezwa tena. Mwalimu amepangiwa shule mpya, mbali, wanaondoka wiki ileile baada ya harusi. Kwa hiyo ukija tarehe 14 utakuta ua umefagiwa na nyumba haina mtu ila mimi.

Maswali yangu ya mwezi huu ni mawili. La kwanza: gari likiwa kilimani na limesimama, mtu anafanyaje lisirudi nyuma akiachia breki? La pili: ufunguo ukipotea, au ukiwa mbali, fundi anaweza kubadilisha swichi yote akaweka nyingine?

Mzee Breki anakusalimu. Anasema usiogope, yeye anapenda magari tu, wanawake walishamshinda.

Mkeo,
Mama Kidosho


Karakana, 10 Julai 1988

Mama Kidosho,

Nianze na maswali yako, maana yale ni mepesi. Kilimani: unavuta breki ya mkono, unatia gia ya kwanza, unaachia klachi polepole mpaka usikie gari linataka kuinua pua, hapo unaachia ya mkono. Mguu ndio unaosikia, si sikio. Swichi: ndiyo, inabadilishwa, fundi yeyote wa umeme anaweza. Lakini ufunguo haujapotea. Uko shingoni mwangu, umeniachia alama ya kijani.

Sasa nije kwenye zito. Nilimwendea Mzee Kofia na tarehe yako. Akaniambia ukumbi unafunguliwa siku hiyohiyo, Jumamosi ya 13. Nilidhani atanifukuza nikasugue. Badala yake akaniketisha. Mama Kidosho, kwenye kiti cha ofisini kwake! Akasema amenisikia nikiwasimulia vibarua wenzangu habari ya mama yule na pini ya kofia, na kwamba nasimulia vizuri kuliko fundi mkuu. Anataka siku hiyo nivae nguo safi, nisimame kando ya gari la magurudumu matatu, lile lililotengenezwa kufanana na la kwanza, niwasimulie wageni. Mimi. Tangu nifike huku hakuna mtu aliyeniuliza kitu isipokuwa "Umemaliza?"

Hakunilazimisha. Alisema naweza kwenda nikitaka, na wala sitapoteza kazi. Nilikaa pale natazama vidole vyangu. Nikakubali kubaki.

Najua utakavyosema. Lakini nimechoka kuwa mtu wa mgongoni mwa magari, yule asiyeonekana akishang'arisha. Siku moja tu. Waombe wasogeze hadi Desemba, Mwalimu atangulie shuleni, binti amfuate. Desemba nakuja, na hili naliapia. Benzi lipo, haliendi popote. Limengoja muda wote huu, litangoja na miezi hii.

Mwambie Kidosho mimi baba yake ni yuleyule.

Mumeo,
Baba Kidosho


Nyumbani, 27 Julai 1988

Baba Kidosho,

Barua imefika. Kidosho ndiye aliyeifungua, mimi nilikuwa kinuni. Alinikabidhi ikiwa imekunjwa vizuri, akaendelea kupepeta mchele.

Simulia vizuri siku hiyo.

Mama Kidosho


TELEGRAMU
13 Agosti 1988

TUMEFIKA SALAMA. MAMA KIDOSHO.


Nyumbani, 21 Agosti 1988

Baba Kidosho,

Sasa nina nafasi ya kuandika. Nyumba kimya. Kidosho na mumewe wameondoka juzi.

Nitakwambia yote, sitakuficha, kwa sababu kukuficha nilikwisha kukuficha na imetosha. Tangu ile barua yako ya Machi, ya kuahirisha, nilimwita Mzee Breki tukafunua turubai. Nilijiambia: akija, atalikuta tayari, ataendesha tu. Asipokuja, nimejua la kufanya. Chujio tulikibadilisha. Mipira ya breki aliipata kwa rafiki zake wa malori. Betri aliazima kwenye kinu. Hewa ya kwenye bomba nilitoa mwenyewe kwa dole gumba, kama ulivyoandika. Barua zako tulikuwa tunazisoma juu ya boneti, Mzee Breki ananiambia, "Rudia hapo kwenye kiwaya." Ulitufundisha vizuri. Mtu angetusikia angedhani uko pale nyuma ya nyumba umevua shati.

Ufunguo tu ndio tuliokosa. Ningekuomba uutume, lakini ningekuomba nikwambie ni wa nini? Fundi umeme akaweka swichi nyingine.

Kujifunza nilijifunza kwenye uwanja wa mpira asubuhi, kabla watu hawajatoka. Mzee Breki hakuitwa Breki bure, kila ninapogusa mafuta anakanyaga sakafu upande wake na kupiga kelele, "Mama wee! Mama wee!" Siku ya kwanza nilikwenda nyuma nilipotaka kwenda mbele, nikaangusha goli. Watoto wa mtaa wakanishangilia kwamba nimefunga.

Hadi ile barua yako ya Julai, nakuapia, nilikuwa najifunza kwa tahadhari tu. Moyo wangu ulikuwa unakungoja wewe. Baada ya barua ile, Kidosho alimaliza kupepeta mchele, akanawa mikono, akasema, "Mama, unaweza?" Nikasema, "Naweza kwenda mbele. Kusimama bado naogopa." Akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

Jumamosi ilifika. Nilivaa gauni langu la bluu na viatu bapa. Nilivuta kitufe nusu, nikasubiri kiwaya kione haya. Mama Redio mwenyewe alinyamaza, andika tarehe hiyo. Kilipokuwa chekundu nikavuta. Liliguna, likakohoa moshi mweusi ukawapaka wageni, kisha likakubali. Unaikumbuka sauti yake, ile ya mtu mzima anayesaga meno usingizini? Mwalimu na watu wake walikuwa wanatungoja ukumbini. Kidosho alikaa nyuma, pale palipokuwa pa kuku, tumepatandika shuka jeupe. Mzee Breki nilimwambia akae naye nyuma. Kiti cha mbele kando yangu nilikiacha. Nilikuwa nimeweka koti lako la kazi, lile la karakana ya zamani. Sikutaka kuliweka ili watu walie. Nililiweka kwa sababu kiti kikiwa kitupu macho yangu yanakwenda hukohuko badala ya barabarani.

Kwenye kilima kabla ya ukumbi likazimika. Nyuma yetu watu wanapiga vigelegele na honi za baiskeli, mbele kilima, na mimi jasho linaingia machoni. Nikasikia Kidosho nyuma anasema polepole, kama anasoma, "Mguu ndio unaosikia, si sikio." Barua yako aliisoma mara moja tu, akashika neno hilo. Nikavuta breki ya mkono, nikawasha, nikatia ya kwanza, nikasubiri pua iinuke. Ikainuka.

Na kama mama wa hadithi yako, nimerudi na la kumwambia fundi: klachi inateleza kilimani. Itazame ukija.

Kidosho alipokuwa anaondoka nilimuuliza, "Baba nimwambie nini?" Akasema, "Mwambie gari lilikuwa zuri." Nikangoja, nikadhani anaendelea. Akapanda basi.

Ufunguo wako bado unafungua mlango, kitasa hatukukigusa. Kuwasha ndiko kutakushinda. Kuwasha itabidi uniombe mimi.

Mkeo,
Mama Kidosho


Karakana, 11 Septemba 1988

Mama Kidosho,

Nimekaa na barua yako hii mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana.

Nikusimulie na mimi siku yangu. Walinivalisha shati jeupe la kuazima, lenye mikono mirefu kuliko yangu. Wageni walikuwa wengi, wamevaa vizuri, na wakiingia ukumbini wanashusha sauti kama wameingia kwenye nyumba ya matanga. Wanafungua mlango wa gari na kuufunga, wasikie tu. Mlango wa Benzi ukifungwa hutoa sauti ya mtu aliyeshiba. Zamani sauti hiyo nikiisikia nilikuwa nasimama kuisikiliza. Siku ile haikunifanya kitu, nikadhani ni uchovu.

Nilisimulia. Nilifanya vizuri, sitakudanganya. Pini ya kofia walicheka, mkanda wa soksi walicheka zaidi. Nilipofika mahali pa telegramu, mama mmoja mwenye miwani akauliza, "Na mumewe alipoisoma alisema nini?" Hilo fundi mkuu hakuwahi kunisimulia. Nikabuni. Nikasema, "Alifurahi sana, akajivunia mkewe." Wakapiga makofi. Mzee Kofia akavua kofia, na ndiyo mara ya kwanza tukaona kwamba ana nywele.

Wakati wanapiga makofi, wewe ulikuwa kilimani.

Siku ya pili mlinzi wa getini akaniletea telegramu. Neno "tumefika" nililielewa kabla sijamaliza kulisoma. Maswali yako yote yalinijia kwa mpigo: chujio, yai, kilima, swichi. Ningeyaelewa Aprili kama ningekuwa nasoma barua zako kama unavyosoma zangu. Mimi nilikuwa nasoma mahali nilipotajwa tu.

Nikarudi ukumbini, hapakuwa na wageni. Nikakaa kwenye kisanduku kando ya lile gari la magurudumu matatu. Sasa kama yule mama mwenye miwani angerudi ningemjibu. Mumewe hakusema kitu, Mama. Alikaa chini.

Hata yule bwana wa nyota, fundi mkuu ameniambia mwisho wake jana. Alikufa kabla nyota haijawekwa kwenye gari lolote. Wanawe ndio walioikumbuka kadi. Mimi nilikuwa nimeisimulia kama hadithi ya mtu aliyefaulu.

Nimemwambia Mzee Kofia naondoka. Hakunizuia, wala sikutaka anizuie. Tiketi nimekata, lakini tarehe ya kufika sikuandikii hapa, maana tarehe zangu hata mimi nimeacha kuziamini. Utanijua nikifika. Nitakuja moja kwa moja nyuma ya nyumba, nitafungua mlango wa upande wa abiria kwa ufunguo wangu. Hilo koti lililokaa pale nitaliweka mapajani. Nitakaa ningoje, hata kama umekwenda kinuni.

Ukirudi, nakuomba uwashe. Tuende huko shuleni kwa Mwalimu. Najua ni mbali, na klachi inateleza. Vilimani nitashuka, nitasukuma.

Kidosho usimwambie kwamba nakuja. Alimwamini baba yake akamtetea mbele ya watu, na sijui kama atatufungulia. Tukifika, wewe piga honi kama alivyokuwa anapiga yeye. Mimi nitabaki nimekaa palepale mpaka atoke mwenyewe.

Mumeo,
Baba Kidosho